Shati la Mwaka Kesho

Wazazi wanaoleta watoto kupimwa sare za shule wana neno lao moja: "Fundi, mshonee ya mwaka kesho." Maana yake shati lipite mabega, suruali iachiwe pindo la kukunjuliwa mara mbili, mtoto aelee ndani ya nguo mwaka huu ili mwakani imkae. Fundi alilisikia neno hilo tangu alipokalia cherehani, akiwa bado msichana wa miguu mifupi isiyofika vizuri kwenye pedali. Lakini hakuwahi kusikia mtu akilisema kwa ajili ya mahakama, mpaka mama yake mzazi alipoingia kibandani asubuhi ile, akaketi juu ya robota la vitambaa bila hata kusalimia.

"Mwenzangu," mama alisema, "nataka shati jeupe la Kitinda. La siku ya kesi. Mshonee ya mwaka kesho."

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. Upande wa pili wa chumba, mzee waliyeshirikiana naye pango la kibanda, mshona makoti ambaye mtaa mzima ulimwita Suti, alitoa pini mdomoni ili asikose la kusema.

"Mama, mbona mahakamani watu huvaa nguo zinazowakaa? Ukimvika gunia, watadhani gunia nalo ameiba."

"Wewe Suti shona makoti yako, hayo ya maiti."

"Maiti hawalalamiki, Mama. Wateja bora kabisa."

Mama hakucheka. Alimgeukia binti yake, akashusha sauti. "Mtoto akivaa nguo kubwa anaonekana mtoto. Shingo inakuwa nyembamba, mikono inazama. Hakimu ana macho kama watu wengine. Wewe ndiye fundi, unajua ninachosema."

Fundi alijua. Bega likishuka vidole vitatu chini ya mahali pake, hata mwanamume wa ndevu huonekana kama mtu aliyeazima nguo za baba yake. Bega likikaa pale pale kwenye mfupa, mvulana hugeuka bwana harusi.

"Sawa," alisema. "Nitakwenda kumpima."

Habari yenyewe mtaa wote uliijua. Kitinda, kitindamimba wa nyumba yao, mwenye miaka kumi na saba, alimvamia fundi viatu wa kona ya soko jioni watu wakifunga biashara, yeye na wenzake wawili waliokimbia na hawajaonekana mpaka leo. Walitaka simu. Kitinda ndiye aliyeshika kipande cha nondo. Pigo la kwanza lilimpata fundi viatu kichwani. Mengine yaliangukia mkono wa kulia, alioinua kujikinga. Hakufa. Ila vidole vya mkono ule havikunjiki tena, na mshona viatu asiyeweza kushika sindano ni kama kinyozi asiye na macho.

Kwa kosa la namna hiyo hakimu alikuwa na njia mbili. Kitinda angeweza kubaki mahakama ya watoto, akapelekwa shule ya marekebisho, akasoma na kujifunza kazi mpaka muda wake uishe. Au angeweza kupelekwa mahakama ya watu wazima, na huko ni gereza la watu wazima, miaka mingi, pamoja na watu wazima. Mwendesha mashtaka aliomba hiyo ya pili. Hakimu alisema atamsikiliza afisa ustawi wa jamii, atawasikiliza na ndugu, kisha ataamua kama aliye mbele yake ni mtoto au ni mtu mzima.

Na hapo ndipo roho ilipomuuma Fundi, maana swali lile kwake halikuwa geni. Yeye alishakatiwa shauri lake zamani, wala hakuna hakimu aliyeulizwa.

Baba yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na moja na Kitinda akiwa bado ananyonya. Wiki ile ile ya msiba, watu walipokwisha kuondoka na vyombo vya kuazima kurudishwa, mama alimketisha jikoni akamwambia, "Sasa tumebaki mimi na wewe, mwenzangu." Msichana yule alivimba kichwa kwa fahari. Wenzake shuleni walikuwa watoto wa mama zao. Yeye alikuwa mwenzake mama. Aliambiwa kodi ni kiasi gani. Aliambiwa nani anadai. Aliambiwa hata mambo ya usiku ambayo mama mjane humwambia shoga yake. Alipofika miaka kumi na mitatu shule ilimshinda, si kwa akili, kwa muda. Akaenda kujifunza cherehani.

Kitinda naye akawa "mtoto". Mtoto kala? Mtoto kalala? Usimwambie mtoto. Akavunja dirisha la jirani, mtoto hajui. Akaiba chenji ya unga, mtoto ana tamaa ya utamu. Kila mwaka Fundi alimshonea sare, kila mwaka mama alisimama mlangoni akisema mwachie pindo, anakua. Na alikua. Siku moja Fundi alijiwa na mchumba, mtu wa kazi yake, dereva wa lori, mwenye heshima. Mama akalia: subiri kwanza mtoto amalize shule. Dereva alisubiri kwa muda, kisha akapata mahali pasipo na foleni.

Wivu wa ndugu ni ugonjwa wa aibu. Huwezi kuusema, maana utaambiwa unamwonea kijicho mtoto. Fundi aliumeza, akaushonea, akaufungia kamba.

Afisa ustawi alikuja nyumbani siku iliyofuata, kijana mwenye sauti ya taratibu na soksi zisizofanana. Mama alimkalisha kwenye kiti kizuri, akaanza kumwaga maneno.

"Anaogopa giza, mwanangu. Mpaka leo halali taa ikizimwa. Akiumwa kichwa lazima nimshike mimi. Huyo ni mtoto mdogo, amekuzwa tu na mwili."

Afisa alimtazama Fundi. "Na wewe dada? Unamwonaje?"

"Ananyoa ndevu," Fundi alisema. "Kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi."

Mama alimkanyaga mguu chini ya meza. Afisa alitaka kucheka, akakohoa.

"Wewe ulipokuwa na umri wake, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namlea yeye."

"Huyu!" mama alidakia, na uso wake ukachanua kwa mara ya kwanza tangu siku ya nondo. "Huyu usimfananishe. Huyu hakunisumbua hata siku moja. Huyu hakuwa mtoto hata alipokuwa mtoto."

Ilikuwa sifa. Mama aliitoa kwa mkono mkunjufu, kama mtu anayempa mgeni kipande kikubwa. Nayo ilimwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha. Afisa aliona, au hakuona. Alisema tu kwamba siku ya kesi hakimu atapenda kumsikia dada, kwa kuwa ndiye aliyekaa na kijana zaidi.

Mahabusu ya watoto ilikuwa nyumba ya kawaida yenye nondo madirishani na uwanja wa kufulia. Askari wa kike aliikagua tepu ya Fundi sentimita kwa sentimita kana kwamba angeweza kumnyongea mtu, kisha akawaachia chumba chenye benchi.

Kitinda aliingia akitabasamu. Alikuwa amerefuka, au ni dari lililokuwa chini.

"Dada! Umeniletea nini?"

"Tepu. Simama vizuri."

"Mama hajaja?"

"Mimi sikutoshi?"

"Si hivyo, Dada. Nauliza tu."

Fundi alimpima shingo, kisha mgongo. Hakusema inua mikono. Mikono iliinuka yenyewe, kama ilivyokuwa ikiinuka alipokuwa akimvua fulana aoge, kama ya mtu ambaye maisha yake yote amevishwa na kuvuliwa na mwingine. Fundi alipitisha tepu kifuani, akaona kifua kinamzidi Suti. Akajiuliza ni nani aliyewahi kumpima yeye. Nguo yake ya kwanza ya kazini aliishona mwenyewe, akajipima kwa kioo cha dirisha la duka, na akajikatia mkono mmoja mfupi kuliko mwingine.

"Dada, nakuomba kitu," Kitinda alinong'ona. "Usinishonee yale magunia ya mama. Kuna jamaa humu wa kesi kubwa, wananiita bebi. Nikatie ya mwili. Inibane hapa."

"Unajua hakimu akikuona mtu mzima anakupeleka wapi?"

"Si maneno tu hayo. Mama amesema nitarudi."

"Fundi viatu je? Umeulizia hali yake?"

Tabasamu lilimtoka. Aliangalia kucha zake. "Nilidhani atatoa simu," alisema. "Nilidhani watu wakiona nondo wanatoa. Hakutoa. Basi nikawa nimeshainua."

"Ukaishusha mara ya pili."

Kitinda aliuliza kama mle ndani angeweza kuletewa mafuta ya nywele.

Njia ya kurudi kibandani ilipita kona ya soko. Pale alipokuwa akikaa fundi viatu sasa alikaa mkewe, na kiatu cha mtu mapajani, akipigana na uzi wa nta. Fundi alikuwa amempita kila siku akiangalia upande wa pili. Siku ile mwanamke aliinua kichwa wakakutana macho, na kupita ikawa haiwezekani.

"Sindano yako ni nyembamba kwa ngozi hiyo," Fundi alisema, kwa kukosa neno lingine.

"Ndiyo aliyoniachia." Mwanamke hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka tu. "Nasikia wanataka kusema ni mtoto."

"Ana miaka kumi na saba."

"Mume wangu hakupigwa kitoto." Alivuta uzi, ukakatika. "Watu wananiuliza, mama, unataka afungwe miaka mingapi? Kama miaka yake ingeingia kwenye vidole vya mume wangu, ningesema mia. Haiingii. Basi sijui nataka nini. Nataka tu mtu asiniambie kwamba ilikuwa bahati mbaya ya watoto."

Fundi alitoa pochi yake ya sindano, akachagua moja nene, akamwachia juu ya boksi.

Usiku hakushona, alishona mchana kweupe, mbele ya Suti, ili yeye mwenyewe asije kusema mkono ulipotea gizani. Alitandaza kitambaa cheupe, akashika chaki. Hapo angeweza kuongeza vidole vitatu begani. Aliona shati lote kichwani mwake: kola inayocheza, mikono inayofika kwenye ncha za vidole, na ndani yake Kitinda amezama, mtoto wa mama, anarudishwa nyumbani, anapakuliwa kwanza. Aliona na mama amesimama mlangoni.

Alikata kwa vipimo. Hakuongeza hata kidole kimoja. Bega alilikalisha juu ya mfupa, kiuno akakivuta ndani, kola akaitia kitambaa kigumu.

Suti alikuja akalishika shati lilipokwisha, akaligeuza nje ndani. Mshono ulikuwa safi kuliko alivyowahi kuuona.

"Hili si la mwaka kesho."

"Nimeshona alivyo."

"Mm." Suti alilirudisha taratibu. "Binti yangu, mimi nawashonea waliokufa. Ndugu zao husema vile vile: fundi, mshonee alivyo. Lakini mara nyingi wanakuwa na hasira na huyo marehemu."

Siku ya kesi Fundi alichelewesha shati makusudi, akalikabidhi kwa askari mlangoni, lisije kupitia kwa mama. Mama alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amevaa nguo yake ya misibani. Mlango wa pembeni ulipofunguka na Kitinda kutoka, benchi zima lilimtazama. Alikuwa amenyooka, mabega mapana, kifua mbele, weupe wa shati ukimwaka. Mwanamke mmoja mgeni alidhani ni wakili, akampisha njia.

Mama alimgeukia binti yake. Hakupiga kelele.

"Umenifanya nini, mwenzangu?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Wewe ndiye uliyenizaa, wewe ndiye unayejua." Alimwonyesha Kitinda kwa kidevu. "Huyo ana miaka kumi na saba, amemvunja mtu mkono, unamtafutia shati la kumfanya mdogo. Mimi nilikuwa na kumi na moja, sikumgusa mtu. Shati langu lilikuwa wapi?"

Mama alifungua mdomo, karani akawaita ndani.

Chumba kilikuwa kidogo, meza tatu na feni isiyozunguka. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imeteremka puani. Alimwangalia Kitinda kuanzia viatu mpaka kola, akafunua jalada, akamwangalia tena.

"Huyu ndiye mtoto?"

Askari alicheka, karani akacheka, na Kitinda, masikini, akatabasamu pia, akidhani amesifiwa. Alinyoosha kifua zaidi. Mwendesha mashtaka hakuhitaji hata kusimama wima. "Mheshimiwa, macho ya mahakama yanajionea yenyewe."

Fundi alikuwa ameingoja furaha hiyo. Alikuwa ameishona kwa mkono wake. Ilikuja, ikakaa naye kwa muda wa pumzi moja, na ndipo alipomwona mdogo wake akimtafuta kwa macho, si kumtafuta mama, bali yeye, amwonyeshe kwa kidole gumba kwamba shati limemkaa. Hajui, Fundi aliwaza. Wanaamua maisha yake hapa, naye anafikiria shati.

Hakimu alimwita dada.

"Ndugu yako ni mtoto au ni mtu mzima?"

"Mheshimiwa, shati nimeshona mimi. Nimelibana makusudi aonekane mkubwa. Lisiwadanganye."

Karani aliacha kuandika. Mama alishika mdomo.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Kwa wivu," Fundi alisema. Neno lilitoka dogo kuliko alivyolibeba. "Mimi nilifanywa mtu mzima nikiwa na miaka kumi na moja. Watu wakasema nimekomaa. Sikukomaa, Mheshimiwa. Nilinyamaza. Nina miaka ishirini na minane na bado kuna mambo sijui, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba sijui. Mkimpeleka kwa wakubwa, naye atanyamaza, na mtaona mtu mzima. Lakini hatakuwa amejifunza kitu."

"Kwa hiyo unasema asiadhibiwe."

"Hapana." Alimtazama Kitinda sasa, na tabasamu lilikuwa limemkauka. "Alishusha nondo zaidi ya mara moja. Apelekwe mahali ambapo kila siku mtu atamuuliza kwa nini aliishusha mara ya pili, mpaka ajibu. Nyumbani hatutamuuliza. Nyumbani sisi tutampakulia chakula."

Hakimu alivua miwani. Alimsikiliza afisa ustawi, akaandika kwa muda mrefu, kisha akasoma: kijana atabaki mahakama ya watoto, kosa lake ni zito na muda wake shuleni utakuwa mrefu kadiri sheria inavyoruhusu, atakabiliana na majeruhi wake, uso kwa uso, majeruhi akiwa tayari, na kazi atakayofundishwa kule, sehemu ya mapato yake iende kwa familia ya fundi viatu.

Mama nusura aanguke kwa furaha. Alimkumbatia Kitinda, akamkumbatia afisa ustawi, akataka kumkumbatia hata askari. Fundi alisimama kando ya mlango na pochi yake. Hakukumbatiwa, na ilimuuma vile vile kama siku zote. Alikuwa amedhani ukweli ukishasemwa hutibu. Kitinda alipopitishwa mbele yake na pingu, hakumtazama. Macho yake yalikuwa chini, na midomo ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyetukanwa mbele za watu.

Nyumbani, Fundi hakuwasha jiko. Alivua viatu, akajilaza kitandani mchana, mlango wazi, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Alisikia mama akihangaika sebuleni, akifungua na kufunga kabati. Kisha akaja kusimama kizingitini.

"Wamesema siku ya kumtembelea ni lini?"

"Sijui, Mama."

"Na huko shuleni kwenyewe mtu anafikaje? Ni mbali?"

"Sijui."

"Na mke wa fundi viatu? Si lazima tumwendee? Tutamwambia nini?"

"Sijui, Mama," Fundi alisema, akageukia ukutani, akavuta shuka mpaka masikioni.

Mama alisimama pale. Alingoja, kama alivyozoea kungoja mwenzake afikiri. Mwishowe Fundi alisikia kandambili zikiburutwa kuelekea mlangoni, zikasita, halafu zikatoka nje kwenda kuuliza.